Shida siyo kadi, shida ni bahasha

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza familia zetu zinaandaaje kadi za Krismasi na kuzituma bila presha. Nililisoma asubuhi nikasema nitapita tu, jioni bado linanikereketa, basi naandika. Mmeuliza kana kwamba presha ni ya kuchagua kadi na kupanga foleni Posta. Mi nimekulia Machame kwenye nyumba iliyotuma kadi nyingi kila mwaka na sijawahi kumsikia mama akilalamikia foleni. Kilichokuwa kinamkosesha usingizi ni bahasha. Yaani nani aandikwe, aandikweje, na hiyo S.L.P. ni ya nani.

Wa rika langu mnaelewa. Sanduku la posta kwa wengi wetu halikuwa letu, lilikuwa la ofisi ya baba, la shule, la usharika. Ndugu wa Tabora unamwandikia kwa sanduku la reli, wa kijijini kwa sanduku la shule ya msingi anakosoma mtoto wake, bibi kwa sanduku la usharika na mwinjilisti anasoma majina ya wenye barua baada ya ibada. Sasa shule zinafunga mapema Desemba, kwa hiyo kadi za shule mama alizituma Novemba, halafu za maofisini kabla watu hawajaenda likizo, za makanisani mwisho kabisa maana siku ya Krismasi kanisani kila mtu yupo. Kaunta buku lake lilipangwa hivyo hivyo, ukurasa wa shule, ukurasa wa ofisi, ukurasa wa makanisa, hakujali alfabeti wala nani mkubwa nani mdogo kwenye ukoo. Na kadi hakuzifunga kwa gundi, ule ulimi wa bahasha unauingiza tu ndani, enzi hizo bahasha isiyofungwa stempu yake ilikuwa nafuu. Kama mlitaka mbinu ya kutuma bila presha basi ndiyo hiyo, haijanishinda mpaka leo.

Ila mi nataka niongelee mama mkubwa wa Shinyanga.

Baba mkubwa alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko, wanaishi nyumba ya kiwanda, barua zao zote zinakuja sanduku la kiwanda. Katikati ya miaka ya 1980 akafariki. Tukamzika nyumbani Machame, watu walijaa mpaka barabarani, baadaye mama mkubwa akarudi Shinyanga kwa sababu watoto walikuwa shuleni. Hazikupita siku nyingi akatakiwa aiachie nyumba, akaenda kupanga vyumba viwili upande mwingine wa mji.

Novemba ikafika, mama akafungua kaunta buku. Mwaka wa nyuma bahasha ya Shinyanga iliandikwa Bwana na Bibi, halafu jina la baba mkubwa. Sasa uandike nini? Shangazi mmoja alikuwepo, akasema andika Familia ya Marehemu fulani. Mama akakataa, akasema huwezi kumtakia mtu heri ya Krismasi halafu neno la kwanza analoliona ni marehemu. Baba akasema basi mwandikie yule kijana wake wa kwanza, ndiye mwenye mji sasa. Kijana mwenyewe alikuwa darasa la sita! Mama akanyamaza. Mi nilikuwa nabandika stempu na ninakumbuka alivyoiweka ile bahasha pembeni akaandika zingine zote, tukala, vyombo vikaoshwa, wageni wakaondoka, akairudia usiku kwenye taa ya chemli. Akaandika jina la mama mkubwa mwenyewe, lile la ubatizo pamoja na la baba yake mzazi, jina ambalo pale kwetu hakuna aliyelitumia maana tulimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kisha chini yake akaongeza "na watoto". Sanduku la kiwanda hakuligusa. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Machame anafundisha huko, mama alishaulizia kupitia yeye shule wanayosoma watoto wa mama mkubwa, kwa hiyo akaandika kupitia kwa Mwalimu Mkuu wa shule ile, na Shinyanga ikahama kutoka ukurasa wa ofisi kwenda ukurasa wa shule. Baba alisema unasumbuka kwa ajili ya kadi moja. Mama akamwambia ndiyo.

Mwaka uliofuata mama mkubwa alikuja nyumbani, akasema Krismasi ile kadi iliyomfikia ni hiyo moja tu. Moja, na huyu ni mtu ambaye kila Desemba kamba ya kadi sebuleni kwake ilitoka ukuta hadi ukuta na bado zingine anaziegemeza kwenye kabati. Nilipomsikia nilikasirika sana na hasira hiyo nimekaa nayo mpaka utu uzima. Ndiyo iliyonifanya nianze kuwaandikia leo, nilitaka niseme wazi kwamba ukoo ukizika mume unamfuta na mke kwenye orodha.

Lakini nimefika hapa na naona lazima niseme na kipande kingine ambacho huwa nakipitia haraka nikisimulia. Karibu na Pasaka mlinzi wa kile kiwanda alimtafuta mama mkubwa mpaka akampata, akamkabidhi furushi limefungwa kwa raba. Kadi. Za baba wadogo, za shangazi, za marafiki wa Mwanza, zote zina jina la baba mkubwa, zilikaa mezani ofisini miezi yote hiyo hakuna aliyejisumbua kuuliza mjane yuko wapi. Mama mkubwa akazitundika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ndugu walituma. Si wote, wasiotuma nawajua, ila wengi walituma, wamenakili tu anwani ya mwaka jana. Siwezi kusema walimfuta.

Na hapo ndipo nashindwa kuungana na wanaosema WhatsApp imeharibu Krismasi. Namba ya simu ni ya mtu mwenyewe, mume akifariki au kazi ikiisha anabaki nayo. Hata hiyo kadi ya kuchapwa tunayoiona ndiyo yenye heshima, Mwingereza Henry Cole alipochapisha ya kwanza London mwaka 1843, kama nakala 1,000, mchoro wa John Callcott Horsley, shida yake ilikuwa barua nyingi za kujibu na muda hana. Ilikuwa njia ya mkato toka mwanzo. Kwa hiyo kijana anayefowadi picha ya mshumaa kwa grupu la ukoo simlaumu, ingawa ningependa aongeze hata jina la anayemtumia.

Halafu Posta nao siku hizi wana Posta Kiganjani, namba yako ya simu ndiyo inakuwa sanduku lako, na tangu zoezi la anwani za makazi la 2022 mitaa ina vibao na nyumba zina namba. Ingekuwepo enzi ile mama asingemtafuta mwalimu.

Sasa uamuzi wangu, na nimeanza kuandika nikiwa na mwingine kabisa: msitume kadi kwa ukoo mzima. Simu na meseji zinatosha kwa wengi. Kadi ya karatasi mwandikie yule ambaye mwaka huu maisha yake yamehama, aliyefiwa, aliyestaafu akaacha sanduku la ofisi, aliyeachika, binti aliyeolewa mbali. Andika jina lake yeye. Wazee wasiosoma mpigie, au mpe bahasha mtu anayepanda basi la kwenda nyumbani, mjukuu atamsomea. Na kama mama yako bado ana orodha yake ndefu na anaipenda, hayo yangu yaache, mnunulie stempu. Lakini kabla hujaandika hata bahasha moja piga simu uulize huyu ndugu yuko wapi sasa hivi na anaishi na nani, hiyo kazi ifanyike Oktoba, na isifanywe na mama peke yake.