Niko depo ya mine, kesho je?

Swali: Yaya, miye niko natumika depo ya vipuri kwa kampuni moja inafanyiaka mine kazi, huku Lubumbashi, kontra ni ya miezi sita sita tu. Tangu serikali ifunge kutuma kobalti inje mwezi wa pili 2025, kisha ikaleta kota, ni kusema kipimo cha kobalti yenye kila kampuni inaweza kutuma, silali muzuri. Nitafute mine ingine ao nirudie masomo? Kijana wa Katuba

Jibu: Mdogo wangu, kuhamia mine ingine hakutakulinda sana, juu bei ya kobalti ikianguka zote zinasikia siku moja. Uliza wazee wetu wa Gécamines, kampuni ya mine ya serikali, kuanzia 2003 watu zaidi ya 10,000 walitoka kazi, na fundi wa umeme alitoka na ufundi wake mkononi, lakini mwenye alijua tu mashini moja ya pale ndani angeipeleka wapi?

Weye tayari unajua kuhesabu stoki, kufanya inventeri, kufuata komandi yenye imechelewa, na hiyo inatakiwa kwa famasi, hospitali, duka za jumla, transpoti ya Kasumbalesa kwenye mupaka wa Zambia. Ongeza Excel, si kuandika majina tu, uwe unaweza kuonyesha bosi kitu gani kitaisha wiki ijayo, na Kiingereza, maana Zambia iko hapa mlangoni. Masomo ya jioni yanatosha, usiache mshahara tafazali. Na kontra ikiisha omba setifika ya kazi, sheria inalazimisha patron akupe, wengi wanaonaka haya kuomba kisha miaka inapita hawana karatasi ya kuonyesha.