Mambo ya Kupanga Kabla Wasimamizi wa Kujitolea Hawajagoma

Ugomvi kati ya jukwaa la mtandaoni na wasimamizi wake wa kujitolea mara nyingi huanzia kwenye zana. Anayepitia mamia ya ripoti hategemei kitufe cha kufuta peke yake. Anazo roboti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, za kunasa matangazo taka na programu za nje zilizotengenezwa na wenzake wa kujitolea. Kampuni ikizigusa bila kushauriana naye, ni sawa na kumnyang'anya fundi vifaa kisha kumdai kazi.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2023 kwenye Reddit, jukwaa lenye maelfu ya jamii, yaani vikundi vya majadiliano vinavyosimamiwa na watu wa kujitolea. API, yaani mlango ambao programu za nje hupitia kuchota data, iliwekewa bei ya dola 0.24 kwa kila maombi 1,000. Mtengenezaji wa Apollo, programu ya nje ya kusomea Reddit, alikokotoa kwamba angelipa takriban dola milioni 20 kwa mwaka, akaifunga programu yake Juni 30. Kuanzia Juni 12 maelfu ya jamii zilijifunga kwa saa 48 kupinga bei hiyo. Hapo ndipo palipokosewa: ukitangaza mapema siku ya kurudi, kampuni haina haja ya kujadiliana, inangoja tu. Walioendelea kufunga waliambiwa wafungue au waondolewe. Mwaka 2024 Reddit ikaweka sharti kwamba jamii ya wazi haigeuzwi ya faragha bila kibali chake. Kwa hiyo msijenge nguvu yenu juu ya swichi ambayo mwenye nyumba anaweza kuing'oa.

Wasimamizi wa Stack Exchange, mtandao wa tovuti za maswali na majibu, waliogoma tangu Juni 5 mwaka huohuo hadi mwanzoni mwa Agosti, walipanga vizuri zaidi. Walikuwa wamezuiwa kufuta majibu mengi yaliyoshukiwa kuandikwa na akili bandia. Hawakufunga tovuti. Waliacha kushughulikia ripoti, na roboti ya SmokeDetector inayonasa taka ikazimwa, uchafu ukaanza kuonekana. Walikuwa na barua ya wazi, madai yaliyoandikwa na wawakilishi wa kukaa mezani, wakapata makubaliano.

Maandalizi huanza kabla ya ugomvi. Kwa wiki nne, hesabuni ripoti zilizoshughulikiwa, saa zilizotumika, na kiasi kilichofutwa na roboti dhidi ya mikono. Bila hesabu hiyo kampuni itasema kazi ni ndogo. Kila wiki hifadhini nje ya jukwaa nakala ya kanuni, majibu ya kawaida na mipangilio ya roboti. Lakini msiguse anwani za IP, barua pepe wala ujumbe wa faragha wa watumiaji. Huko ni kuwasaliti watu mnaowalinda, na kampuni itapata sababu halali ya kuwafukuza.

Madai yasizidi matano, na kila moja liweze kujibiwa ndiyo au hapana. “Mtuheshimu” si dai. “Tupewe taarifa siku 60 kabla zana ya usimamizi haijabadilishwa” ni dai. Teueni wawakilishi watatu, maana mmoja huchoka au huondolewa, na mazungumzo yakafa naye.

Mambo matatu yasigomewe kamwe: picha za unyanyasaji wa watoto, vitisho vya kujiua, na kuanikwa kwa anwani za watu. Wekeni zamu ya wachache wa kuyashughulikia hayo hata kama mengine yote yamesimama. Mgomo baridi wa namna hii unaibana kampuni bila kumuumiza mtumiaji.

Kwa upande wa kampuni, mtego mkubwa ni kumtawala mtu wa kujitolea kama mwajiriwa. Mwaka 1999 waliokuwa wakijitolea AOL, kampuni ya Marekani ya huduma za intaneti, waliishtaki wakidai ujira, wakitaja zamu na taarifa za kazi walizotakiwa kutoa. Shauri likamalizwa kwa dola milioni 15 mwaka 2010. Ukitaka zamu na taarifa za kila wiki, lipa. Usipolipa, mwachie msimamizi uamuzi wa namna ya kufanya kazi, na kabla ya kubadilisha zana mpe ya majaribio aitumie angalau mwezi mmoja wakati ile ya zamani bado inafanya kazi.