"Podi ikifa" au "podi inapokufa"?

Swali: Tunaandika mwongozo wa kusimika huduma ndogo ya malipo kwenye klasta ya Kubernetes (mfumo wa kusimamia makontena, yaani programu zilizofungwa pamoja na mahitaji yake) iliyo ndani ya kompyuta zetu, kwa kutumia Minikube (Kubernetes ndogo ya majaribio). Kuhusu podi (kifungashio cha kontena moja au zaidi), mwenzangu ameandika: "Podi ikifa, itawashwa upya." Mimi nataka "inapokufa". Ipi sahihi?

Jibu: Zote ni Kiswahili safi, ila hazisemi jambo moja. Hapa -ki- inaacha shaka: huenda podi ikafa, huenda isife. -napo- inachukulia kwamba tukio lipo na linajirudia. Huduma inayostahimili hitilafu hujengwa kwa kukubali kwamba vifo vitakuwapo, hivyo katika maelezo ya mfumo nakuunga mkono. Katika hatua za majaribio, msomaji anapotenda mwenyewe, bakini na -ki-: "Ukifuta podi moja kwa amri ya kubectl delete pod, nyingine itaundwa." Mkitumia -napo-, kitenzi cha pili kivae hu-, maana mnaeleza desturi.

Lakini kosa kubwa limewapita wote wawili: podi haiwashwi upya. Kinachowashwa upya ni kontena, ndani ya podi ileile, na kazi hiyo ni ya kubelet, wakala wa Kubernetes kwenye kila nodi (mashine ya klasta). Podi iliyofutwa imekwisha; Deployment (inayotunza idadi ya podi mliyoitaka) huhakikisha inaundwa nyingine, yenye jina jipya na anwani mpya ya IP. Msomaji wa sentensi yenu atalitafuta jina la zamani kwenye kubectl get pods asilione. Andikeni: "Kontena linapoanguka, huwashwa upya; podi inapofutwa, huundwa nyingine badala yake." Kontena lifuate li-/ya- kama lile la bandarini, podi iacheni i-/zi-.

Chungeni pia "hai" na "tayari". livenessProbe hukagua kama kontena li hai: lisipojibu mara 3 mfululizo, kila baada ya sekunde 10 (msipobadilisha chochote), huuawa na kuwashwa upya. readinessProbe hukagua kama liko tayari: lisipokuwa tayari, Service (inayogawa maombi kwa podi) huacha kuipelekea podi hiyo maombi, basi, hakuna kinachouawa. Wanaozichanganya huweka ukaguzi wa hifadhidata kwenye livenessProbe. Hifadhidata ikiyumba, makontena ya nakala zote huuawa kwa mkupuo, ilhali yenyewe hayakuwa na kosa.

Mwisho, "kustahimili" ni kitenzi kinachodai yambwa, na "hitilafu" peke yake ni pana mno. Minikube huanza na nodi 1. Hapo nakala 3 za podi (replicas: 3) zinastahimili kuanguka kwa kontena au kufutwa kwa podi, si kufa kwa nodi. Mkitaka kudai na hilo, anzeni na minikube start --nodes 3, hakikisheni nakala zimetawanyika, kisha zimeni nodi moja. Tajeni na muda: podi za nodi iliyopotea husubiri kama dakika 5 kabla ya kuundiwa mbadala kwingine. Bila onyo hilo, msomaji atadhani jaribio limeshindwa na ataanza kufutafuta vitu.