Je, “masilahi” na “silaha” ni ndugu?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Barazani kwetu Mikindani, redio ikitaja Iran tu ubishi unaanza. Juzi mzee mmoja alisema neno “masilahi” limezaliwa na “silaha”, ndiyo sababu wenye masilahi ya mafuta hawakosi silaha, na nchi nyingine ikitaka nyuklia wao ndio wa kwanza kukasirika. Ni kweli? Halafu hii “kurutubisha urani”: kwani urani ni shamba?

Jibu: Marahaba. Kwenye siasa mzee wenu hajaenda mbali, ila kwenye neno ameteleza.

Aliyesoma chuo cha Kurani ataelewa upesi. “Silaha” kwa Kiarabu huanza na sini, ilhali “maslahi” ina swadi. Herufi mbili, mizizi miwili. Ndugu wa damu wa “maslahi” ni “suluhu”. Kilichomponza mzee ni ile irabu “i” tuliyoichomeka katikati ili ulimi usikwame. “Maslahi” ikawa “masilahi”, basi ikafanana na silaha kwa sura tu. Zote mbili huandikwa. Mimi naandika “maslahi”.

Kinachonikera zaidi ni hayo “maslahi ya mafuta”, na hapo hata watangazaji hawaponi lawama. Neno hili hudai litajwe na mwenye nayo. Tunasema maslahi ya walimu, maslahi ya wakulima wa korosho. Mwaka 2013, watu wa Mtwara walipopinga gesi ya Mnazi Bay kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, ubishi ulikuwa maslahi ya nani; hakuna aliyedai kwamba gesi yenyewe ina maslahi. Mafuta hayana mshahara wala pensheni. Sema “maslahi ya Marekani katika mafuta ya Ghuba”, na papo hapo utalazimika kumtaja mtu.

Ukimtaja, hadithi ya Iran inasomeka vingine. Mwaka 1951 Iran ilitaifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza; mwaka 1953 Waziri Mkuu Mossadegh akapinduliwa kwa msaada wa Uingereza na Marekani. Mwaka 1957 Marekani hiyohiyo ikatia saini na serikali ya Shah, mfalme wa Iran, mkataba wa ushirikiano wa nyuklia. Miaka ya 1970 hoja ilikuwa kwamba Iran izalishe umeme kwa nyuklia ili ibaki na mafuta mengi ya kuuza nje. Shah alipoondoka mwaka 1979, hoja ikageuzwa kama kofia: baadaye Washington ikawa inauliza, nchi yenye mafuta na gesi kiasi hiki inataka nyuklia ya nini? Mafuta ni yaleyale. Aliyebadilika ni aliyekalia kiti Tehran.

Mwaka 2018 Rais Trump alijitoa kwenye makubaliano ya nyuklia ya 2015, akarudisha vikwazo. Lakini ilipofika Novemba, wanunuzi wanane wa mafuta ya Iran, wakiwemo China, India na Japani, waliruhusiwa kuendelea kwa muda. Trump mwenyewe alisema hataki kupandisha bei ya mafuta. Hapo mwenye maslahi alikuwa hata dereva wa Marekani aliyesimama kituoni akijaza tangi. (Sisemi mafuta ndiyo kila kitu. Korea Kaskazini haina mafuta ya kuuza, na vikwazo imevipata.)

Sasa urani, yale madini ya kutengenezea nishati ya nyuklia. Una haki ya kushangaa, maana “kurutubisha” linatokana na rutuba, na haliiweki picha sawa: urani haitiwi mbolea wala haipulizwi salfa. Fikiria rundo la korosho 1,000 ambamo 7 tu ndizo za aina unayoitaka. Ndivyo urani ilivyo ikitoka ardhini. Kazi yote ni kuzitenga nyingine mpaka hizo zako ziongezeke kwa uwiano. Zikifika 3 hadi 5 katika kila 100, zinatosha vinu vingi vya umeme. Zikifika kama 90, hicho ni kiwango cha bomu. Mwaka 2021 Iran ilifika 60, ndiyo maana redio yenu hainyamazi.

Kiarabu nacho husema “takhsibu”, yaani kutia rutuba, kwa hiyo si sisi peke yetu tuliolipeleka neno shambani. Mimi ningependelea “kupembua”, ila nimechelewa, “kurutubisha” limeshazoeleka.