Sambaza ya Kivu inakuwa ndogo: tulete mbeu ingine toka Uvira?

Swali: Jambo dokta. Niko na ekipe mbili za kuvua sambaza kwa ziwa Kivu, upande wa Ishungu, karibu miaka 14 niko kwa hii kazi. Sambaza ya siku hizi ni ndogo mpaka mama wa soko ya Nguba wanatucheka. Mzee mmoja alituambia hizi samaki zote ni za familia moja juu wazungu walileta kidogo tu toka Tanganyika, ni kusema zinaoana ndugu na ndugu, damu imechoka, sawa mbuzi ya mtu mwenye habadilishake beberu. Tuko tunawaza kuchanga makuta, twende Uvira, kwa ziwa Tanganyika, tulete mbeu mpya kwa mapipa, tumwage huku. Itasaidia? Na labo inaweza kuona kama damu imechoka?

Jibu: Papa, jambo sana. Nianze na jibu lenyewe: msilete, hata ndoo moja. Na ile makuta mlishachanga niko na wazo kwenye mtaiweka, nitaifikia kule chini.

Mzee hakudanganya yote. Sambaza haikuwa ya hapa. Zamani katikati ya Kivu hakukuwa samaki ya kukula vile vidudu vidogo vya maji vyenye tunaitaka zooplanktoni, samaki zetu za asili zilikuwa zinakaa pembeni, kwa mawe na kwa majani. Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji wakachukua vifaranga Tanganyika wakavimwaga huku. Hesabu yenye iliandikwa ni karibu vifaranga 57,000, tena aina mbili zimechanganyika, sambaza yenyewe (Limnothrissa miodon) na ndagala (Stolothrissa tanganicae). Ndagala haikupona, sambaza ikabaki.

Sasa tuhesabu, juu hapa ndipo maneno ya beberu inaharibika. Kundi la wanyama linapotezaka utofauti wa jeni kila kizazi, na hesabu yake ni rahisi: unachukua wazazi wenye wamezaa kweli, unazidisha mara mbili, unagawa 1 kwa hiyo namba. Wazazi 10, unapoteza 1 kwa 20, ni asilimia 5 kwa kizazi kimoja, hiyo ni mbaya na ndiyo mbuzi ya mzee. Tuchukue sasa sambaza, na tuseme mambo ilienda vibaya kabisa, vifaranga vingi vilikufa njiani, vingine vilikuwa ndagala, vingine vililiwa, zikabaki 500 tu zenye zilifika kuzaa. Unapoteza 1 kwa 1,000. Asilimia 0.1! Hata zingebaki 100 ni asilimia nusu. Kweli zile aina za jeni za nadra, zenye iko nazo samaki moja kwa elfu, hizo zingine zilibaki Uvira hazikupanda na pipa, hiyo sikatae, lakini sehemu kubwa ya utofauti ilivuka.

Na kuna kitu ingine mtu wa mbuzi hawezi kuwa nayo. Kama kundi linakuwa dogo kizazi kimoja halafu linapanda mbio, halipoteze sana, shida inakuya kama linabaki dogo vizazi na vizazi. Sambaza inaanza kuzaa kabla ya kumaliza mwaka, mayai ni maelfu, na huku ilikuta ziwa zima meza imetandikwa na hakuna mwingine wa kukula naye. Ilipanda haraka, leo ndani ya Kivu iko tani maelfu. Sisi wa jeni hatuhesabu kila kichwa, juu samaki za maji wazi ziko na bahati kama ya loto, mama moja mayai yake yanapona mengi na mwingine hata moja, kwa hiyo hesabu ya wazazi wa kweli inakuwa chini sana kuliko hesabu ya vichwa. Ila hata ukikata namna hiyo, mbali na beberu moja.

Wako watafiti walilinganisha sambaza ya Kivu na ya Tanganyika miaka 34 baada ya kuletwa, kazi yao ilitoka 1995. Walikuta zimeshaanza kuachana, kwa umbo na kwa jeni. Ni kusema yenu si tena ile ya Uvira yenye imehama tu, imeanza kuwa ya hapa, ya ziwa lenye baridi kidogo, lenye kuwa mita 1,460 juu ya bahari, lenye oksijeni yake inaisha mapema, hata msimu wa jua wakati upepo unachanganya maji haipite sana mita 60 hivi na chini yake ni maji ya gesi, bila oksijeni. Ziwa la kina cha mita 485 lakini samaki anaishi kwa ile ngozi ya juu tu.

Basi juu ya nini ni ndogo?

Angalieni Kariba, kule Zambia na Zimbabwe. Samaki hii hii ilitolewa Tanganyika ikapelekwa kule 1967 na 1968, wanaiitaka kapenta. Tanganyika sambaza inaweza kufika sentimita 17. Kariba ni ndogo, ndogo kupita hata yenu ya Kivu. Asili moja, lakini ukiiweka kwa maji tofauti, na chakula tofauti, na nyavu tofauti, inatoka na urefu tofauti. Kwa samaki urefu haukuwe sawa rangi ya macho yako. Inakula vizuri inakuwa kubwa, inakosa inazaa ikiwa ndogo.

Kwa chakula, Kivu ni maskini juu mbolea nyingi ya ziwa imefungwa kule chini pamoja na gesi, inapanda polepole. Na sambaza yenyewe ilishachagua sahani: kulikuwa kidudu kikubwa kimoja, Daphnia curvirostris, kilikuwa ndani ya ziwa mbele ya sambaza kuletwa, baadaye kikapotea. Vyenye vilibaki ni vile vidogo. Dumont, mtaalamu wa Ubelgiji, aliandika 1986 akiogopa kwamba sambaza itamaliza chakula halafu na yenyewe itaanguka. Haikuanguka, na nadhani hiyo inaonyesha ni samaki ngumu, inakula na wadudu, inakula hata watoto wake.

Kwa nyavu, hapo papa utanivumilia. Vifaranga vya sambaza vinakaa pembeni, zile kubwa ndizo zinaenda katikati kwenye ekipe zenu zinawasha taa. Mtu mwenye anavuta mustikere (chandarua cha mbu) kwa mchanga kule pembeni anakula sambaza ya mwezi ujao. Halafu na nyinyi wa ekipe muangalie macho ya wavu wenu, juu ukikamata samaki kabla haijamaliza kukua, kwa kitunga utaona ndogo tu, hata kama ziwa lina afya. Na hapa jeni inarudi kwa mlango ingine: kama kila mwaka wavu unaondoa zenye zinachelewa kuzaa, zinabaki zenye zinazaa mapema zikiwa fupi, na zinaacha watoto sawa zenyewe. Hiyo inaweza kutokea. Lakini ukileta mbeu kubwa toka Uvira, wavu ule ule utaichagua namna ile ile, umepoteza makuta na mafuta ya gari.

Hasara ingine sasa. Mapipa ya Uvira hayabebe sambaza peke yake, yanabeba maji, vijidudu vya magonjwa, na samaki zingine zenye hamukuita. Mnajua ile samaki nyembamba yenye kung'aa, Lamprichthys tanganicanus? Ni ya Tanganyika. Kwa Kivu ilionekana 2006, hakuna mtu mwenye alisimama akasema ni mimi nililetaka, na Ruzizi, ule mto wenye kutoka Kivu kushuka Tanganyika, na maporomoko yake si njia ya kupanda samaki. Sasa iko, inakula kwa meza moja na sambaza, na kuitoa haiwezekane.

Na zaidi ya sambaza, mimi wasiwasi wangu mkubwa uko pembeni, kwa vile visamaki vya haplokromisi vyenye watu wanadharau. Aina karibu 15 ziko Kivu tu, duniani pengine hakuna. Sambaza ya maji wazi inaogelea inachanganyika. Kule Tanganyika kazi moja ya jeni ya 2020 ilisoma ADN (DNA) ya sambaza na ndagala za sehemu mbalimbali za ziwa na haikuona makundi yametengana kwa eneo, ilikuta utofauti wa jeni kati ya dume na jike, na kwa sambaza kipande kikubwa cha kromosomu chenye kimepangika tofauti. Lakini samaki ya mawe ni ingine. Tropheus ya Tanganyika, fika kwa jiwe moja iko na rangi moja, vuka mchanga kidogo ukute jiwe lingine, rangi ingine, jeni ingine, juu haipendi kuvuka mchanga. Samaki ya namna hiyo, kitu chenye kimekuja na pipa kikimaliza ya sehemu moja, za jirani hazikuye kujaza.

Labo inaweza kuona? Ndiyo. Unakata kipande cha pezi, kama punje ya hindi, unaweka kwa alkoli kali, samaki 30 mpaka 50 kwa kila sehemu. Formoli hapana! Mimi mwenyewe nikiwa kijana niliweka sampuli za msimu mzima kwa formoli juu ndiyo nilikuta kwa meza, ADN yote ikaharibika, nilikula aibu. Ila kwa shida yenu singeanza na labo, ni bei na itawajibu kitu chenye hakiwasumbue.

Ile makuta nunueni nyavu za macho makubwa kidogo, na mbao moja yenye mistari ya milimita. Kila mwezi, giza la usiku bila mwezi likirudi, chukueni samaki 100 za usiku mmoja bila kuchagua, pimeni moja moja, toka mdomo mpaka mwanzo wa mkia. Pasueni 20, muone ngapi ziko na mayai na ziko na urefu gani. Daftari iwe na tarehe, sehemu, macho ya wavu, taa ngapi, kilo ngapi. Mwaka mmoja ya hiyo daftari niletee, tutajua kama samaki inazaa ikiwa fupi kupita zamani ama ni wavu tu unazikamata mapema. Na usiku wenye mwezi ni mkubwa hamukutoka, muandike pia kwamba hamukutoka.