Maswali Yenu: Pamba tunalima sisi, hela inaishia wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi ni mkulima wa pamba Maswa, mkoa wa Simiyu, kilimo hiki nimerithi kwa baba na yeye alirithi kwa babu. Kila msimu tunaambiwa bei inategemea soko la dunia, sawa tumesikia, lakini shati jipya halishikiki na wote tunaishia kwenye mitumba. Hii pamba inamfaidisha nani hasa?
Msomaji, Maswa

JIBU: Ndugu yangu, kwanza inawafaidisha nyie, tena sio kidogo. Pamba karibu yote ya Tanzania inatoka huko kwenu Kanda ya Ziwa na jirani zake, na soko likishafunguliwa mwezi wa 5 hata muuza bati na fundi baiskeli wanajua, ada za shule zinalipwa, madeni dukani yanafutwa. Shida inaanza pamba ikishatoka AMCOS, yaani chama chenu cha ushirika.

Chukua kilo 100 ulizopima kwenye mizani. Zikipita kwenye kinu cha kuchambua, nyuzi zinatoka kama kilo 35 hadi 40 na nyingi ya zilizobaki ni mbegu. Zile nyuzi zaidi ya nusu zinafungwa marobota zinapelekwa nje zikiwa ghafi, wanaosokota uzi, kufuma, kutia rangi na kushona wako huko, na ajira za hizo hatua zote ziko huko huko. Hapa tulikuwa na viwanda vya nguo, Mwatex Mwanza na Urafiki Dar, hiyo Urafiki ilijengwa kwa msaada wa China ikaanza kazi 1968, ila mitambo ilichakaa, umeme ukawa tatizo, halafu soko likafunguliwa vikaja vitambaa vya bei rahisi na mitumba juu yake. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba taratibu, Marekani ikatishia kuzitoa kwenye AGOA, ule mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, wengi wakarudi nyuma, Rwanda ikakaza na 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo kule. Kwahiyo sio uvivu wetu tu jamani.

Mimi naona tuanzie kwenye mbegu, kwasababu kiwanda cha nguo kinataka mtaji mkubwa sana lakini mashine ya kukamua mafuta hata ushirika unaweza kuinunua, unapata mafuta ya kula na mashudu ya ng'ombe, na ng'ombe Usukumani wapo wa kutosha. Pia mavuno, wengi bado wanaambulia kilo 200 au 300 kwa ekari, hapo hata bei ikipanda hujapata kitu. Ukishavuna ng'oa masalia ya pamba uchome mapema, funza wa vitumba wanajificha humo.

SWALI: Kuna watu kwetu wanamwagia pamba maji na kuchanganya fifi (ile pamba chafu) na safi ili kilo ziongezeke, kuna madhara gani? Msomaji, Bunda

JIBU: Makubwa. Pamba yenye maji ikilundikwa inapata joto, inakuwa njano, na robota linashushwa daraja, bei mbaya mnaibeba wote hata aliyekuwa muaminifu. Na kingine watu hawakijui, viroba vya plastiki. Kale kauzi ka kiroba kakiingia kwenye pamba kinu hakikaoni, kanasokotwa humo humo mpaka kitambaa kinatiwa rangi ndo kanaonekana, maana plastiki haishiki rangi ya pamba, mnunuzi anakataa mzigo. Vunia kwenye mfuko wa kitambaa, na fifi itenge hapo hapo shambani.