Mmeuliza tena kuhusu ndizi

Tangu likizo ianze, barua zinazonifikia hapa Bukavu ni za kupiga picha za kima tu. Haya.

Simu yangu inavuta mara 10. Inatosha? (Kadutu)

Mara nyingi hapana. Simu nyingi zikifika hapo zinakata picha na kuipanua tu, manyoya yanakuwa uji. Azima kamera yenye lensi ya milimita 300. Ukikosa, piga picha ya kima akionekana mdogo ndani ya msitu mkubwa. Mimi picha hiyo naipenda kuliko nyuso mia zilizojaa fremu.

Mzee, nirushe ndizi wapi ili makako (kima) washuke karibu? (wasomaji watatu)

Usirushe.

Nyani wa njia ya Rwindi alinichekea meno yote, halafu akanirukia. Nilimkosea nini? (Katindo, Goma)

Hakukuchekea. Nyani akipiga miayo na kutoa chonge hana usingizi, anakuonya. Kukazana macho naye ni ugomvi, na wewe ulimlenga lensi, jicho kubwa kuliko yote. Piga picha mbili tatu, shusha kamera, tazama pembeni, rudi nyuma polepole. Usikimbie. Na kama alikukwaruza au kukung'ata, osha kwa maji na sabuni dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake.

Nataka selfi kama ile ya mlinzi wa hifadhi ya Virunga na ngagi (gorila) wawili wamesimama. (Himbi)

Kila mwezi napata barua hii, na kila mwezi narudia. Ile picha ya 2019 haikupigwa na mtalii msituni. Ngagi wale, Ndakasi na Ndeze, walikuwa mayatima tangu 2007, wakalelewa na watu katika kituo cha Senkwekwe, Rumangabo. Waliwajua walinzi wao kama wazazi. Wewe hawakujui. Ndakasi alikufa 2021, na bado watu wanataka pozi lake.

Kwa ngagi wa porini kanuni ya zamani ilikuwa umbali wa mita 7. Tangu Covid wataalamu wanashauri 10, pamoja na barakoa. Mafua yako madogo kwao ni nimonia. Najua ninachosema: nilishawahi kupanda kwa ngagi wa Tshivanga, hifadhi ya Kahuzi-Biega, nikiwa nameza kikohozi, kiongozi akanisikia akanirudisha. Nilinuna hadi nyumbani. Alikuwa na haki.

Fleshi? (Bagira)

Zima.

Mbona kima weusi wanatoka kama makaa? (Nguba)

Afadhali swali hili. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu. Manyoya meusi yakijaza fremu, inaongeza mwanga na kima anakuwa rangi ya majivu: punguza stopu (kipimo cha mwanga) moja hivi. Akiwa tawini na mbingu nyeupe nyuma, kamera inaogopa mbingu na kumtupa kima gizani. Ndiyo shida yako. Ongeza stopu moja, hata moja na nusu, mbingu iungue iwe nyeupe tupu. Kwa lensi ya 300 kasi isishuke chini ya 1/500 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya 3200 isikutishe: chembechembe zinasameheka, mtikisiko hapana. Jua la saa sita linamwaga madoa usoni. Siku ya mawingu ndiyo yako. Jicho lisipokuwa na nukta ya mwanga, futa.

Kuna jamaa karibu na soko ana katoto ka makako kwenye kamba, anatoza picha. Nilipe? (Ibanda)

Usilipe, usipige, usitume WhatsApp. Katoto hakabanduki kwa mama aliye hai. Mama huuawa kwanza. Waarifu ICCN, taasisi ya serikali inayolinda hifadhi za Kongo. Lwiro, njia ya Kavumu, kuna kituo kinacholea sokomutu (sokwe) na kima waliookolewa tangu 2002. Wala usikanunue kwa huruma, kwa kuwa pesa hiyo ndiyo inayomrudisha mwindaji msituni.

Na nikitumia mahindi badala ya ndizi? (mmoja wa wale watatu)

Hata mahindi.